Gramu Tano Juu ya Figo

Kila mwezi nampeleka mama yangu kliniki ya presha, na kila mwezi macho yangu hugota palepale: kwenye mifuko ya dawa. Mifuko ya wazee hainishangazi. Ya vijana ndiyo inayonikosesha raha. Benchi letu lina dereva wa bodaboda ambaye hajafika miaka thelathini, lina mwalimu wa chekechea aliyejifungua juzi tu, lina kijana wa gereji ambaye mikono yake bado ina grisi. Kila mmoja kapakata dawa za aina tatu, wengine nne, pamoja na daftari ambalo namba zake hazitaki kushuka: 170 kwa 110, 180 kwa 115, 175 kwa 110. Nesi anapima, daktari anaongeza kidonge, anakumbusha habari ya chumvi, anaitwa anayefuata.

Miaka yote niliyokaa kwenye benchi hilo sijamsikia yeyote akiulizwa swali ambalo fundi redio huuliza kabla hajashika bisibisi: hitilafu hii imeanzia wapi?

Nianze na msimamo wangu, msomaji asije akanitafuta hadi mwisho wa ukurasa. Uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo ni ugonjwa adimu, na uadimu huo tumeugeuza kuwa ruhusa ya kutouliza. Tunakosea. Visababishi vingi vya presha ya kupanda mtu huishi navyo hadi kufa kwake. Uvimbe huu ni kimoja kati ya vile vichache vinavyoweza kutolewa, na mara nyingi mgonjwa akarudi nyumbani bila kidonge. Kuuliza ni gharama ndogo. Kunyamaza hulipiwa na familia, kidogo kidogo kwa miaka, hadi siku inapolipa yote kwa mkupuo.

Tezi ya kijiko kimoja

Tezi za adrenali ni mbili, kila moja imeketi juu ya figo yake. Uzito wa moja ni kama gramu nne au tano, yaani sukari ya kijiko kimoja cha chai. Mtaalamu wa Italia, Bartolomeo Eustachi, alizieleza katika karne ya 16, lakini ilipita takriban miaka 300 kabla ya Thomas Addison, daktari wa Guy's Hospital ya London, kuonyesha mwaka 1855 kwamba zikiharibika mtu hunyong'onyea, ngozi yake hubadilika rangi, na hufa. Kwa karne tatu watu walizipasua, wakazitazama, wakazifunika tena bila kujua kazi yake.

Kazi yenyewe si ndogo. Ganda la nje hutengeneza aldosteroni, homoni inayoziamuru figo zishike chumvi na kuachia potasiamu. Hutengeneza pia kotisoli, inayotuwezesha kuhimili maradhi, njaa na mshtuko, na kiasi fulani cha homoni za kiume, hata kwa wanawake. Kiini cha ndani hutengeneza adrenalini na ndugu yake noradrenalini. Hiyo ndiyo nguvu inayomrusha mtu ukuta asioweza kuuruka siku nyingine, mbwa akiwa nyuma yake.

Sasa fikiria uvimbe umeota humo na umeacha kusikiliza amri ya mwili. Ukiota kwenye kiini huitwa feokromositoma, na humwaga adrenalini au noradrenalini hata pasipo na mbwa wala mwizi. Ukiota kwenye ganda unaweza kumwaga aldosteroni hadi presha ikakataa dawa, au kotisoli hadi uso ukavimba na misuli ikayeyuka. Wapo ndugu wa feokromositoma wanaoota nje ya tezi, kwenye mafundo ya neva shingoni, kifuani au tumboni. Hao huitwa paraganglioma. Na ipo saratani ya ganda la adrenali, adimu kuliko hizo zote na katili kuliko zote. Mdharau mwiba mguu huota tende, na huu ni mwiba wa gramu tano.

Miaka sita ya jirani yangu

Nisingeyajua haya kama si jirani yangu, fundi cherehani. Kwa ridhaa yake naeleza, jina naliacha.

Ilianza akiwa na miaka thelathini na moja. Akiinama kuokota kitambaa, kichwa kilimgonga kama kinatwangwa, moyo ukaenda mbio, jasho likamtoka hadi gauni likashika mgongo. Alipauka usoni, mikono ikatetemeka. Baada ya dakika kumi na tano, au ishirini, yote yaliondoka kama hayakuwepo. Alipofika zahanati alikuwa ameshatulia, na presha ilipopimwa ilikuwa ya kawaida. Akaambiwa ana wasiwasi, apumzike, apunguze mawazo.

Mawazo gani? Cherehani mbili, watoto wawili, mume mwenye kazi. Hakuwa na mawazo kuliko mwanamke mwingine yeyote wa mtaani kwetu.

Yaliporudi akapelekwa kwa mganga. Wakasema ni jini, tena jini la ukoo wa kwao. Mama mkwe akaanza kukataza wajukuu wasilale chumba kimoja na mama yao. Sehemu ya pili ya miaka hiyo sita presha ilishakuwa ya kudumu, na mahali fulani akaandikiwa propranololi ya kutuliza mapigo. Usiku ule alidhani anakufa. Alipokwenda kueleza kwamba dawa imemzidishia, aliambiwa dawa hiyo haizidishi.

Inazidisha, na sababu yake inajulikana vizuri. Adrenalini hubisha hodi kwenye milango ya aina mbili. Mmoja hubana mishipa ya damu. Mwingine huharakisha moyo na kuilegeza baadhi ya mishipa. Propranololi hufunga huo wa pili. Kwa mwenye feokromositoma mlango wa kwanza unabaki wazi peke yake, mishipa inabanwa bila cha kuilegeza, na presha inapanda kwa kasi ya kutisha. Ndiyo maana kwa wagonjwa hawa dawa ya kulegeza mishipa hutangulia siku zote, na ya mapigo hufuata baadaye ikihitajika.

Aliyemwokoa hakuwa profesa. Alikuwa daktari kijana wa hospitali ya wilaya, zamu ya usiku, aliyemwuliza swali moja.

"Dada, hayo mapigo yako muda wote, au yanakuja na kuondoka?"

"Yanakuja, daktari. Yanakuja na kichwa na jasho. Kisha yanaondoka."

Kichwa, mapigo, jasho, kwa vipindi, kwa mtu mwenye presha. Vitu hivyo vitatu viko kwenye vitabu vya udaktari duniani kote. Kwa miaka sita alikuwa akivitaja vyote kwa mpangilio huohuo, na hakuna aliyevifunga fundo moja. Alipewa dumu la kukusanyia mkojo wa saa 24: ule wa kwanza wa alfajiri unamwagwa, kisha kila tone linaingia dumuni hadi alfajiri ya pili. Sampuli ilisafirishwa kutafutwa metanefrini, mabaki ya adrenalini iliyokwisha kutumika. Majibu yaliporudi yalikuwa mara kadhaa zaidi ya kiwango cha kawaida. Picha ya CT ikaonyesha uvimbe juu ya figo ya kulia, mkubwa kama ndimu.

Naomba msomaji auzingatie mpangilio huo: homoni kwanza, picha baadaye. Siku hizi ukiwa na fedha unaweza kupigwa picha ya tumbo kabla hata hujaulizwa unaumwa nini. Lakini vinundu vya tezi hizi ni vya kawaida kwa watu wa makamo, na vingi havina dhara lolote. Vinaonekana kwa bahati tu wakati daktari anatafuta jiwe la figo. Picha bila homoni inaweza kumpeleka mzima kwenye kisu na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Na uvimbe wa huko hauchomwi sindano ya kuchukua kinyama kabla feokromositoma haijaondolewa kwenye orodha, kwa kuwa mchomo huo peke yake unaweza kuufungulia bomba.

Hata kwa rais

Nisije nikaonekana nawalaumu madaktari wetu peke yao. Ugonjwa huu umewapita wakubwa.

Dwight Eisenhower, rais wa Marekani, alipata mshtuko wa moyo mwaka 1955 akiwa madarakani. Presha yake ilikuwa ya kupanda na kushuka kwa miaka mingi. Alikuwa na madaktari wa jeshi zima na hospitali isiyomnyima kipimo. Alipofariki Machi 1969 katika hospitali ya Walter Reed, uchunguzi wa maiti ulikuta kwenye tezi yake ya adrenali feokromositoma ya sentimita 1.5. Iliwahi kumsumbua au haikumsumbua, hilo wataalamu wameendelea kulijadili. Linalonigusa mimi ni kwamba ilikutwa baada ya mazishi kupangwa.

Wala si yeye tu. Mwaka 1981 madaktari wa Mayo Clinic, kule Rochester, Minnesota, walichapisha hesabu ya uchunguzi wa maiti waliofanya kwa miaka 50, tangu 1928 hadi 1977. Walikuta feokromositoma 54. Takriban robo tu ya watu hao ndio waliokuwa wamegunduliwa wakiwa hai. Na hiyo ndiyo hospitali ambamo Charles Mayo mwenyewe alitoa uvimbe wa aina hii mwaka 1926, mwaka uleule mpasuaji César Roux alipoutoa mwingine Lausanne, Uswisi. Kama robo tatu walipita mikononi mwa watu hao, wangapi wanapita mikononi mwetu, sisi tusiochunguza maiti za watu wetu kwa kuwa tunawahi kuzika?

Adimu ni wangapi?

Nchi zenye kumbukumbu nzuri hukadiria wagonjwa wapya wa feokromositoma na paraganglioma kati ya wawili na wanane kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Tuchukue kiwango cha chini kabisa, wawili, tena tukichukulia kwamba miili yetu haina tofauti na ya wengine: ni watu zaidi ya 120 kila mwaka. Mabasi mawili yaliyojaa. Basi moja likipinduka Mikumi nchi nzima inasimama. Hawa wanapinduka mmoja mmoja, kitandani, chooni, kwenye chumba cha upasuaji wa kidole tumbo, na kwenye cheti panaandikwa presha, au kiharusi, au moyo.

Halafu kuna yule wa aldosteroni, ambaye jina la uadimu hata halimfai. Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan alimweleza kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1950: mgonjwa mwenye presha kali, potasiamu ya chini, misuli dhaifu, na kinundu kwenye ganda la tezi. Kwa muda mrefu iliaminiwa ni jambo la nadra. Leo inajulikana kwamba kati ya wenye presha ya kupanda, watano hadi kumi kwa kila mia wana tatizo hili la aldosteroni nyingi, na kwa wale ambao dawa tatu hazijawashusha hufika hata mmoja kati ya watano. Si wote wana uvimbe. Wengine tezi zote mbili zimechangamka kupita kiasi, na hao hutibiwa kwa vidonge kama spironolaktoni. Mwaka 2025 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa homoni, Endocrine Society, ilipendekeza kila mwenye presha ya kupanda apimwe angalau mara moja uwiano wa aldosteroni na renini.

Kila mwenye presha. Rudi sasa kwenye benchi letu la kliniki. Yule kijana wa gereji mwenye dawa nne, ambaye usiku misuli ya miguu humkaza na huamka mara tatu kukojoa, amewahi kupimwa potasiamu? Nilimwuliza. Hakujua ni nini. Kipimo hicho hakihitaji kusafirishwa popote. Hospitali nyingi za mkoa hukifanya. Ukweli ni kwamba potasiamu inaweza kuwa ya kawaida na ugonjwa upo, lakini ikiwa chini kwa kijana mwenye presha, hayo ni mawingu, na mvua haiko mbali.

Ndevu, mkorogo na aibu

Kuna uvimbe ambao familia huufichia pazia. Mtoto wa kike wa miaka mitatu anaota nywele za sehemu za siri. Sauti inakuwa nzito, chunusi zinatoka, mwili unarefuka haraka kuliko wenzake. Mama anajua si kawaida, lakini amwambie nani? Bibi anasema ni laana, baba anashuku mtoto amefanyiwa jambo. Anavalishwa nguo ndefu, anafichwa. Kumbe hizo ni homoni za kiume zinazomwagwa na tezi, na mojawapo ya sababu zake ni saratani ya ganda la adrenali. Kusini mwa Brazili saratani hii kwa watoto ni ya mara nyingi kuliko kwingine kwa sababu ya hitilafu ya jeni ya TP53 inayorithiwa huko. Walichojifunza ni kwamba mtoto anayewahishwa, uvimbe ukiwa mdogo na mpasuaji akautoa mzima bila kuupasua ganda, ana nafasi nzuri ya kupona. Anayecheleweshwa kwa aibu hana nafasi hiyo. Kwa mtu mzima pia upasuaji kamili ndio tumaini kubwa, na dawa iitwayo mitotane, ndugu wa DDT ile ya kuulia mbu, hutumika kuidhoofisha tezi iliyobaki na mabaki ya uvimbe.

Lipo na la kotisoli. Uso wa mviringo, tumbo kubwa juu ya miguu myembamba, michirizi ya rangi ya zambarau, ngozi inayochubuka kwa kuguswa, sukari na presha kwa pamoja. Hapa nchini kabla daktari hajafikiria uvimbe anapaswa kuuliza kwanza habari ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kupimwa kwenye karatasi, na habari ya mkorogo. Vingi vina dawa za steroidi, na mwili uliojazwa steroidi kutoka nje hufanana kabisa na mwili wenye uvimbe ndani. Tena tezi za adrenali zikizoea kuletewa hulala, na mtu akiacha ghafla anaweza kuzimia na kufa. Dada zangu mnaotumia, msiache kwa siku moja kwa kusoma makala haya. Mwambieni daktari ukweli, awashushe taratibu.

Haraka ya kisu

Nimesema uvimbe huu hutolewa. Sasa niseme jambo ambalo ningependa lisomwe na kila familia inayochangishana kwenye kundi la simu ili mgonjwa wao afanyiwe upasuaji kesho asubuhi.

Feokromositoma haipasuliwi kesho asubuhi. Kabla ya dawa za kuuandaa mwili kujulikana, wagonjwa wengi walifia mezani, kwa sababu mpasuaji akiugusa uvimbe tu unakamuliwa kama sponji na presha inafika mahali ambapo mshipa wa ubongo hauwezi kuhimili. Na ukitolewa, presha huporomoka kwa ghafla ileile. Leo vifo hivyo vimepungua hadi vichache sana kwa kila wagonjwa mia, na kilicholeta tofauti kubwa ni subira. Siku saba hadi kumi na nne, wakati mwingine zaidi, mgonjwa hunywa doksazosini, prazosini au fenoksibenzamini kulegeza mishipa. Huambiwa ale chumvi na anywe maji mengi, jambo linalomshangaza kila aliyezoea kukatazwa chumvi, kwa kuwa mishipa iliyobanwa kwa miaka sasa inafunguka na inahitaji cha kuijaza.

Jirani yangu alikaa wodini wiki tatu. Shemeji zake walikuja juu: fedha zinaisha, kitanda kinalipiwa, mbona hapasuliwi? Mmoja alitaka kumhamishia hospitali nyingine iliyoahidi kumpasua siku ya pili. Daktari wa usingizi, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliwaita nje.

"Wanangu," aliwaambia, "mimi ndiye nitakayekaa kichwani kwake. Presha yake ikinishinda, mpasuaji atashona na kuondoka, na mimi nitabaki naye. Nipeni wiki yangu."

Wakampa. Upasuaji ulifanywa kwa matundu madogo, njia ambayo Michel Gagner wa Kanada aliieleza kwa tezi hizi mwaka 1992, na siku ya tano jirani yangu alirudi nyumbani. Cherehani moja ilikuwa imeshauzwa kulipia vipimo na kitanda. Ya pili ilikuwa imefunikwa shuka.

Hofu yangu kubwa iko mahali pengine, wodi ya wazazi. Mjamzito mwenye presha kali huandikwa kifafa cha mimba, na mara nyingi sana ni sahihi. Lakini yule ambaye presha ilimpanda kabla ya wiki ya 20, ambaye mkojo wake hauna protini, ambaye presha inaruka na kushuka kwa vipindi vya jasho na kichwa, anastahili swali moja la ziada kabla hajaingizwa nusu kaputi. Uchungu wa kuzaa, dawa ya kichefuchefu ya metoklopramidi, hata mtoto kukandamiza uvimbe anapogeuka, vyote vinaweza kuulipua. Feokromositoma isiyojulikana wakati wa kujifungua huua mama, na mara nyingi huondoka na mtoto. Swali hilo huchukua dakika moja.

Ukoo wa kufa ghafla

Mwaka 1886, mjini Freiburg, Ujerumani, daktari Felix Fränkel alieleza kifo cha binti wa miaka 18 aliyekuwa na vipindi vya mapigo, kichwa, jasho na hofu. Alipochunguzwa baada ya kufa alikutwa na uvimbe kwenye tezi zote mbili. Miaka 121 baadaye, mwaka 2007, wataalamu wa mji uleule walichapisha habari ya jamaa zake walio hai: baadhi yao walikutwa na hitilafu ya jeni iitwayo RET, inayoleta uvimbe wa adrenali pamoja na saratani ya tezi ya shingo. Hitilafu iliyomuua binti ilikuwa bado inatembea ndani ya ukoo.

Leo inafahamika kwamba zaidi ya theluthi moja ya wenye feokromositoma na paraganglioma wamerithi jeni yenye kasoro. Ninaposoma hayo nazikumbuka koo tulizozisema vibaya. Kila mtaa unao ukoo ambao watu wake hufa ghafla wakiwa vijana, na tumewapa majina: wana mizimu, wanatoana kafara, usiolee kwao. Tumevunja posa kwa maneno hayo. Katika koo hizo, je, hamna hata mmoja ambaye kinachomuua kingeweza kuonekana kwenye dumu la mkojo? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hapa kiko ndani zaidi ya nguo, na hakina uchawi wowote.

Ninachokidai

Sidai mashine kila wilaya. Dai langu la kwanza halina bei: katika kila kliniki ya presha, kila mgonjwa aliye chini ya miaka 40, na kila aliye kwenye dawa tatu bila kushuka, aulizwe kama presha yake huja na vipindi vya kichwa, jasho na mapigo, kama misuli yake hukaza, na kama nyumbani kwao kuna aliyekufa ghafla au aliyetolewa uvimbe shingoni. Apimwe potasiamu. Majibu yaandikwe kwenye daftari lile lile linaloandikwa namba.

La pili ni njia. Daktari kijana wa wilaya akishuku, ajue dumu linakwenda wapi, nani analilipia, majibu yanarudi lini. Kwa sasa njia hiyo hutegemea kujuana. Anayemfahamu mtu wa maabara hufika, asiyemfahamu huishia njiani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kipimo cha metanefrini na cha aldosteroni kikiachwa nje ya kitita kwa hoja kwamba ni cha wachache, tutakuwa tumeamua kulipia kiharusi, miezi ya kitandani na mayatima, ambavyo si vya wachache hata kidogo.

La tatu ni kukusanya mikono. Uvimbe huu haufai kupasuliwa kila hospitali yenye kisu. Nchi kama yetu inatosha kuwa na timu moja au mbili zinazowaona wagonjwa wote: mtaalamu wa homoni, mpasuaji, daktari wa usingizi, mtu wa picha na mtu wa maabara wanaokaa meza moja na wanaojuana kwa simu. Mgonjwa asafiri kuwafuata, na bima imlipie nauli. Anayepasua uvimbe huu mara moja kwa miaka kumi hawezi kuwa sawa na anayeupasua kila mwezi, hata wote wawe na shahada moja. Na bohari zetu ziwe na doksazosini na spironolaktoni siku zote. Zote mbili ni dawa za zamani, hakuna sababu ya kuzitafuta kwa magendo.

Najua jibu nitakalopewa: malaria bado ipo, akina mama bado wanakufa kwa kutoka damu, uzazi salama haujakamilika, na wewe unazungumzia tezi. Nalichukulia kwa uzito wake. Lakini sijaomba shilingi iondolewe kwenye chandarua. Naomba swali lililo bure liulizwe kwa watu ambao tayari wako mbele ya daktari, tayari wana daftari, tayari wanakula dawa zisizowasaidia ambazo mtu fulani anazilipia kila mwezi.

Jirani yangu alipotoka hospitali alibaki na tezi moja, na moja hutosha. Sasa hivi hanywi dawa ya presha. Kila mwaka atapimwa tena kwa miaka mingi, kwa kuwa uvimbe huu una tabia ya kurudi, na alipoulizwa habari za kwao alikumbuka kwamba marehemu kaka yake aliyeanguka uwanjani akicheza mpira, naye alikuwa akitokwa na jasho kwa vipindi. Wana mdogo wao wa kike, ana miaka ishirini na tatu, yuko chuo Morogoro, hana dalili yoyote.

Jumamosi iliyopita nilimkuta kwa dada yake. Dumu lilikuwa ndani ya mfuko mweusi nyuma ya mlango, karatasi imebandikwa juu yake kwa mwandiko wa fundi cherehani: limeanza saa kumi na mbili na robo asubuhi.